Kila Chupa na Rehani Yake

Kuna sheria isiyoandikwa ambayo watoto wengi wa Kenya huijua kabla hawajajua kusoma. Mtoto akitumwa dukani kununua soda ya chupa ya kioo, hutumwa na chupa tupu mkononi. Asipokuwa nayo, mwenye duka humtaka anywe papo hapo na chupa ibaki, au aweke pesa za chupa, atakazorudishiwa siku atakapoileta. Hapana askari anayesimamia jambo hili, wala hapana hakimu anayeketi kuliamua. Na hata hivyo ni nadra kuona chupa nzima ya kioo ya soda imetupwa mtaroni. Ikitupwa haikai. Mpita njia huiokota, kwa maana ajua kuwa ameokota fedha.

Sasa, msomaji, inua macho utazame rafu ya pili ya duka lile lile. Soda ile ile, ya kampuni ile ile, imetiwa katika chupa ya plastiki. Mwenye duka hakuulizi chupa tupu, wala hakudai kitu zaidi ya bei. Ukiisha kunywa, chupa haina mwenyewe. Wewe umeilipia, lakini huitaki. Kampuni imeitoa, lakini haiitaki. Mwenye duka ameiuza, naye hapendi kuiona tena. Kitu kisichotakiwa na mtu hata mmoja hufuata maji ya mvua. Hutoka barabarani kikaingia mtaroni, kikatoka mtaroni kikaingia mtoni, na kilichoponyoka magugu ya mto hufika baharini. Kisichofuata maji huchomwa nyuma ya nyumba, na moshi wake huvutwa na watoto wa nyumba ile na wa nyumba ya jirani.

Tumezoea kueleza tofauti hii kwa habari za tabia. Husemwa kuwa watu wetu hawana adabu ya usafi; kwamba wafundishwe shuleni, wahubiriwe, wabandikiwe matangazo ukutani. Mimi nayakataa maneno haya, nami nakuomba uyapime kabla ya kuyakariri katika insha zako. Mtu yule yule aliyerudisha chupa ya kioo asubuhi ndiye aliyetupa chupa ya plastiki jioni. Je, adabu yake ilikufa mchana? Alichokuwa nacho asubuhi, na jioni hakuwa nacho, ni sababu ya kurudi dukani. Chupa ya kwanza ilikuwa na rehani, na ya pili haina.

Neno rehani nalitumia kwa maana yake ya zamani: kitu awekacho mtu kuthibitisha kuwa atatimiza wajibu wake, naye akiutimiza hurudishiwa chote bila ya kupunguziwa. Hiyo siyo kodi, kwa kuwa kodi hairudi. Wala siyo faini, kwa kuwa faini hutozwa mkosaji baada ya kosa, na ili kuitoza yapasa kwanza kumkamata. Rehani haimngojei askari. Hukaa ndani ya chupa yenyewe, ikamfuata kila aishikaye, na anayeitupa hupata hasara yake kimya kimya pale pale aliposimama.

Nisemalo ni kuwa sheria ya rehani ienezwe kwa kila chombo cha kinywaji kinachouzwa, kiwe cha kioo, cha plastiki au cha bati, kiwe na soda, maji, bia, maji ya matunda au dawa ya kuongeza nguvu wanayoinywa madereva wa usiku. Si fikira mpya. Imejaribiwa katika nchi nyingi kwa zaidi ya miaka 50, na mahali ilipokwaa ilikwaa kwa sababu tunazoweza kuzitaja.

Watu wa Marekani walikuwa na desturi kama yetu. Bia na soda za huko ziliuzwa katika chupa za kioo zilizorudishwa kiwandani, zikaoshwa na kujazwa tena. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wenye viwanda waliona faida ya mkebe na chupa ya kutupwa. Ukiuza chombo kisichorudi, huhitaji gari la kubeba matupu wala jengo la kuoshea. Waweza kufunga viwanda vidogo vya miji mingi ukabakia na kimoja kikubwa, ukapeleka mali yako mbali. Kilichobaki ni mzigo wa takataka, na mzigo huo ukaachiwa mabaraza ya miji na watu walipao kodi. Mwaka 1953 jimbo la Vermont, lenye wakulima waliochoshwa na vipande vya chupa katika nyasi za ng'ombe wao, lilipiga marufuku bia katika chupa zisizoweza kujazwa tena. Sheria hiyo iliachwa ikafa mwaka 1957.

Mwaka huo huo wa 1953 lilianzishwa shirika lililoitwa Keep America Beautiful, na miongoni mwa walioliasisi walikuwa watengenezaji wa mikebe na wa chupa. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha raia wasitupe takataka. Fundisho jema, utasema, na ni jema kweli. Lakini angalia ni nani aliyelilipia. Mwaka 1971 shirika hilo lilionyesha katika televisheni tangazo lililokuja kujulikana nchi nzima: mtu katika mavazi ya wenyeji wa asili wa Marekani anapiga kasia mtumbwi wake katika maji machafu, anafika pwani, mtu mwingine anatupa taka kutoka katika gari zikamwangukia miguuni, na chozi moja likamtoka jichoni. Mchezaji wa tangazo lile, Iron Eyes Cody, hakuwa wa asili hiyo hata kidogo; wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Sicily. Nalitaja hilo kwa njia tu. Jambo lenyewe ni kuwa tangazo lilimwonyesha mtupaji, halikumwonyesha mtengenezaji. Mtazamaji aliondoka akiona haya kwa ajili ya kosa la jirani yake, na hakuna aliyeuliza kwa nini chupa iliyokuwa ikirudi zamani sasa hairudi.

Aliyeuliza alikuwa muuzaji mmoja wa vifaa vya kukatia magogo katika jimbo la Oregon, jina lake Richard Chambers, mpenda kutembea katika fukwe za bahari, aliyechoka kuokota mikebe na chupa za wengine. Mwaka 1968 alimwandama mjumbe wa bunge la jimbo mpaka mswada ukaandikwa. Mwaka 1969 mswada ulishindwa, kwa kuwa kampuni za vinywaji na za mikebe zilisimama kuupinga. Mwaka 1971 ulipita, Gavana Tom McCall akautia sahihi, na mwezi wa Oktoba 1972 ukaanza kutumika. Kila chupa na kila mkebe wa bia au wa soda ukawa na rehani, kwa kawaida ya senti 5. Kabla ya sheria, vyombo vya vinywaji vilikadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 40 ya takataka zilizookotwa kando ya barabara za Oregon. Kufika mwaka 1979 vilikuwa kiasi cha asilimia 6. Watu wa Oregon hawakuzaliwa upya katika miaka hiyo michache. Walikuwa wale wale, na watoto wao walizunguka na mifuko wakitafuta senti 5 majanini.

Lakini sheria ina umri kama mtu, na hapa nataka usikilize kwa makini, kwa sababu ndipo hasa penye ugomvi wangu na wale wasemao kuwa sheria ikiisha kuandikwa imetosha.

Sheria ya mwaka 1971 iliandikwa kwa vinywaji vya mwaka 1971. Wakati huo Mmarekani aliyetaka maji alifungua bomba. Chupa ndogo ya maji ya kununua ilikuwa si kitu cha kila siku. Baada ya miaka 30 maji ya chupa yalikuwa kila mahali, na chai baridi, na maji ya matunda, na vinywaji vya wanamichezo, vyote nje ya sheria. Ukawa upuuzi wa ajabu. Chupa mbili zinafanana kama pacha, zimetoka katika plastiki moja. Moja ina rehani kwa kuwa maji yake yametiwa gesi, na ya pili haina kwa kuwa maji yake yametulia. Ya kwanza ilirudi dukani, ya pili ilikwenda mtoni. Oregon iliyatia maji ya chupa katika sheria tangu mwaka 2009, na tangu mwaka 2018 ikaongeza chai, kahawa, maji ya matunda na karibu kila kinywaji kilichobaki, isipokuwa vichache kama maziwa, mvinyo na pombe kali.

Ugonjwa wa pili wa uzee ulikuwa katika fedha yenyewe. Senti 5 za mwaka 1972 zilinunua kitu ambacho leo hakipatikani kwa chini ya senti 30. Rehani iliyoandikwa kwa namba isiyosogea huyeyuka kidogo kidogo kama chumvi katika maji, hata mtu akaona afadhali kuitupa kuliko kuibeba. Mwaka 2014 chupa na mikebe iliyorudi Oregon ilikuwa asilimia 68. Mwaka 2015 ikashuka hata 64. Lakini watu wa huko walikuwa na busara ya mapema. Mwaka 2011 walikuwa wameandika katika sheria kuwa, kama marejesho yatakuwa chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, rehani itapanda kufika senti 10 bila ya kungoja mjadala mwingine. Tarehe 1 Aprili 2017 ikapanda, na marejesho nayo yakapanda tena kupita asilimia 80. Kwa upande mwingine, jimbo la New York lilianza na senti 5 mwaka 1983, na mwaka 2024 zilikuwa bado senti 5. Jimbo la Michigan lilianza kwa ujasiri zaidi, senti 10 tangu mwaka 1978, na kwa miaka mingi karibu chupa 9 katika kila 10, au zaidi, zilirudi. Lakini halikugusa namba wala halikuongeza maji ya chupa, na katika miaka ya karibuni marejesho yameshuka hata kufikia robo tatu.

Ujerumani nayo ilipita njia hiyo hiyo ya kujikwaa na kuinuka. Tangu Januari 2003 iliweka rehani ya senti 25 za euro juu ya mikebe na chupa nyingi za kutumika mara moja. Maji ya matunda yalisamehewa. Basi chupa ya limau yenye gesi ilikuwa na senti 25, na chupa ya maji ya machungwa iliyoketi kando yake haikuwa na kitu. Upuuzi huo ulidumu miaka 19, mpaka Januari 2022, chupa zote za plastiki za vinywaji zilipoingizwa katika sheria, na mwaka 2024 zikafuata chupa za vinywaji vya maziwa. Chupa na mikebe yenye rehani hurudi huko karibu yote. Na huko miji mikubwa imekuwa na desturi ndogo ya upole: mtu asiyetaka kurudi dukani haitii chupa ndani ya pipa la taka, bali huisimamisha kando ya pipa, ili maskini anayekusanya chupa aichukue bila kuingiza mkono katika uchafu.

Utasema, hizo ni nchi tajiri. Basi tazama Lithuania, nchi ya watu wachache kuliko wakazi wa jiji la Nairobi, iliyotoka katika utawala wa Kisovieti mwaka 1990 na haikuwa na akiba ya kuchezea. Kabla ya Februari 2016 kiasi cha theluthi moja tu ya vyombo vya vinywaji ndiyo iliyokusanywa. Rehani ya senti 10 za euro ilipowekwa, kufika mwisho wa mwaka 2017 zaidi ya asilimia 90 ilikuwa ikirudi. Miaka miwili! Hakuna hotuba ya mwaka mzima wala wimbo wa shule uliowahi kufanya kazi hiyo kwa miaka miwili.

Wapinzani wa jambo hili wana hoja, nami sitaki uzidharau bila ya kuzisikia. Nyingine ni nyepesi. Yasemwa kuwa rehani ni kupandisha bei kwa maskini. Maskini wa Kenya amekuwa akiweka pesa za chupa ya kioo tangu babu yake, naye ndiye asiyesahau kuzidai. Anayezisahau ni mwenye gari. Yasemwa pia kuwa watu wa nchi jirani watavusha chupa zao ili wadai fedha wasizoziweka. Kwamba malori ya matupu yataingia kwa Busia, Malaba na Namanga. Hatari hiyo ipo, na Wamarekani waliijua kwa kuwa jimbo lenye rehani hupakana na jimbo lisilo nayo. Dawa yake ni alama maalum katika kibandiko cha chupa iliyouzwa ndani ya nchi, isomwayo na mashine au na jicho, kama wafanyavyo Wajerumani. Afadhali, Tanzania na Uganda zifanye kama sisi, na mpaka usiwe na faida kwa mlanguzi.

Hoja ya mwenye duka ni nzito zaidi. Kioski chake ni hatua tatu kwa hatua nne. Aziweke wapi chupa za plastiki za mtaa mzima? Nani atamlipa kwa kuzihesabu? Swali hili ni la haki, na sheria isiyolijibu itakufa kwa ukaidi wa wauzaji wadogo. Jawabu lina sehemu mbili. Kwanza, anayepokea chupa alipwe ujira kwa kila chupa, nje ya rehani, na ujira huo utoke kwa kampuni za vinywaji. Katika New York ni senti 3 na nusu kwa kila chombo, na aliyesikitishwa na kazi ya kuhesabu hufarijika akihesabu na ujira. Pili, kioski kisilazimishwe. Viwekwe vituo vya kupokelea sokoni, katika vituo vya mabasi na karibu na maduka makubwa, na mwenye kioski anayetaka kushiriki ashiriki kwa hiari yake. Kwa chupa za kioo amefanya hivyo siku zote, kwa kuwa lori linaloleta kreti zilizojaa ndilo liondokalo na kreti tupu. Lori la plastiki laweza kurudi na magunia.

Kisha kuna hoja ambayo huipenda sana watu ambao hawajapata kumsemesha mwokota taka hata siku moja: kwamba rehani itamnyang'anya riziki. Wenye huruma hii ya ghafula nawaomba wapige hesabu pamoja nami. Chupa tupu ya plastiki ya nusu lita ni nyepesi sana. Kilo moja yataka chupa 50, na za siku hizi zilizo nyembamba huweza kufika 100. Mwokotaji wa Dandora huinama mara 50 au 100, akazikanyaga, akazitia katika gunia, akalibeba, ndipo apate bei ya kilo moja kutoka kwa mnunuzi wa vyuma na plastiki. Chukua mfano wa rehani ya shilingi 5. Chupa zile 50 ni shilingi 250, na bei hiyo haishushwi na dalali siku anayoamua kununua rahisi. Ni kweli kuwa chupa nyingi zitarudishwa na wanywaji wenyewe, na zitakazobaki mitaani zitakuwa chache. Lakini katika mji wenye mamilioni ya watu, mahoteli, harusi, mechi na mikutano ya siasa, hazitakosekana kamwe, na kila moja itakuwa na thamani ambayo leo haina. Huko New York wakusanya chupa wana kituo chao wenyewe katika Brooklyn, kiitwacho Sure We Can, kilichoanzishwa mwaka 2007. Kinachotakiwa ni kuwa sheria yetu imtaje mwokotaji kwa jina la kazi yake, imruhusu kuleta magunia na si chupa kumi kumi, na vituo visiwe vya mashine peke yake ndani ya maduka ambamo mlinzi atamfukuza mlangoni.

Nimewasikia pia wasemao kuwa tuna sheria za kutosha. Basi tuzitazame. Mwezi wa Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na adhabu yake ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo. Mifuko ilipungua machoni pa kila mtu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa taifa hili haliwezi jambo likiamua. Mwezi wa Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zilizuiwa katika mbuga na hifadhi za taifa. Kwa upande wa chupa, mwaka 2018 watengenezaji waliunda chama kiitwacho PETCO cha kusaidia ukusanyaji wake. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na kanuni zake za mwaka 2024, zinazomwekea mtengenezaji wajibu juu ya bidhaa yake hata ikiisha kutumika. Mimi naisifu sheria hiyo. Imekiri jambo ambalo tangazo la chozi lilificha: kuwa chupa ina baba. Lakini ada anayoilipa mtengenezaji kwa chama chake haimfikii kijana aliyesimama barabarani na chupa tupu mkononi. Yeye hajui kama ada imelipwa au haikulipwa. Rehani humfikia, kwa sababu ni fedha yake mwenyewe. Mlango umekwisha kufunguliwa na sheria ya mwaka 2022; mbona tusiingie?

Kuna wanaojivunia jahazi la Flipflopi, na wana haki. Mafundi wa Lamu walilijenga kwa plastiki iliyookotwa, likateremshwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Kazi ya mikono yao yastahili heshima. Ila jahazi hilo lilikwenda kuonyesha ukubwa wa msiba, halikwenda kuumaliza. Huwezi kuipunguza bahari kwa kata huku mtu mwingine anaijaza kwa mfereji.

Tena kuna sababu ya ufundi ambayo wengi huisahau. Chupa iliyochanganyika na maganda ya ndizi, majivu na mafuta ya taa haifai kuwa chupa tena. Aghalabu huwa kitu duni zaidi, na baada ya hapo huishia jaani. Chupa iliyorudi kwa njia ya rehani huja peke yake, na wenziwe wa aina moja, si chafu sana. Hiyo ndiyo iwezayo kuyeyushwa ikawa chupa mpya. Na mkebe wa alumini ukiyeyushwa hutumia kama sehemu moja tu katika 20 ya nguvu inayotumika kutoa alumini mpya katika mawe yake. Rehani hukusanya, na papo hapo huchagua.

Hapa nikuonye juu ya jambo moja, maana mtetezi asiyeonya ni mchuuzi. Wajerumani wengi walitumaini kuwa rehani juu ya plastiki ingewarudisha watu kwenye chupa za kujazwa tena. Haikuwa hivyo, kwa maji hasa, chupa za mara moja ziliendelea kuongezeka, kwa kuwa zilirudi vizuri na hakuna aliyeona haya kuzinunua. Chupa ya kioo inayooshwa na kujazwa tena mara nyingi ni bora kuliko ya plastiki inayoyeyushwa kila mara, na sisi tunayo bado. Hatuna haja ya kuivumbua. Kwa hiyo rehani ya plastiki isiwe chini ya rehani ya kioo. Ikiwa chini, tutakuwa tumeiongezea plastiki faida juu ya ile iliyo nayo, na siku moja kreti za kioo zitatoweka dukani pasipo mtu kupiga kelele.

Mambo haya hayapiti bila vita. Mwaka 2014 watu wa Massachusetts waliulizwa kwa kura kama rehani yao ienezwe hata kwa maji ya chupa na maji ya matunda. Kampuni za vinywaji na maduka makubwa walitumia mamilioni ya dola kupinga, na zaidi ya watu 7 katika kila 10 wakapiga kura ya hapana, ingawa miezi michache kabla yake pendekezo lilikuwa na wafuasi wengi. Matangazo yaliwaambia kuwa ni kupoteza fedha, kuwa ni usumbufu, kuwa taka zao huchukuliwa nyumbani tayari. Maneno hayo yatakuja kwetu pia, yametafsiriwa kwa Kiswahili kizuri, yamewekewa muziki. Yakija, uliza swali moja tu: chupa ngapi mmeuza mwaka jana, na ngapi zimewarudia?

Swali hilo ndilo niliwekalo pia mbele ya wabunge watakaoandika kifungu cha rehani. Kiasi chake kisiandikwe kama namba iliyokufa. Kipande chenyewe marejesho yakishuka chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili, kama Oregon. Chombo chochote cha kinywaji kiwe ndani ya sheria mpaka kitolewe kwa jina, kisiwe nje mpaka kiingizwe, ili kinywaji kitakachobuniwa kesho kisipate miaka 30 ya msamaha. Na zile rehani zisizodaiwa, ambazo zitakuwa fedha nyingi, zisibaki mikononi mwa kampuni, kwa sababu kampuni inayonufaika na chupa isiyorudi haitajitahidi kuirudisha. Katika Michigan robo tatu ya fedha hizo huenda kwa jimbo na robo kwa wenye maduka. Kwetu ziende kwa kaunti zenye majaa na mito iliyoziba, na hesabu yake ichapishwe kila mwaka katika Gazeti Rasmi, kampuni kwa kampuni, chupa zilizouzwa upande mmoja na zilizorudi upande wa pili, ili hata mwanafunzi wa shule ya upili aweze kupiga asilimia zake mwenyewe.